Bi Taratibu na Moto wa Haraka

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mkuu wa Chumba cha Mvuke atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya kulitumikia shirika letu la dawa kwa miaka thelathini na mmoja. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameimalizia katika chumba kimoja, kile cha chini kabisa kwenye jengo la nyuma, chenye mlango wa kijani na feni ya kutolea hewa inayonguruma kutwa. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wake, ilimchagua fundi umeme wa chumba hicho, kwa hoja kwamba hakuna aliyebishana naye kwa muda mrefu zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli, na fundi umeme huyo ndiye mimi.

Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wageni huambiwa jina hilo siku ya kwanza, na ikifika siku ya pili wameshalisahau, maana kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi wote humwita Bi Taratibu. Jina halikutoka hewani. Ni mtu anayeshuka ngazi kama amebeba trei ya mayai, anayefunga mlango kwa mikono miwili, na ambaye hujaza birika la chai wakati wenzake wanaosha vikombe. Ukimkimbilia na habari ya dharura, hukuomba kwanza uketi. Habari nyingi za dharura, tuseme haki, zilipoa zenyewe kwenye kiti hicho.

Aliajiriwa akiwa msichana aliyetoka chuoni, mkemia msaidizi katika idara ya vidonge. Idara hiyo ilikuwa, na bado ni, mahali pazuri pa kufanyia kazi: ina madirisha, ina mashine zisizo na ukorofi, na kila jioni mtu anaona alichokifanya. Miongoni mwa vidonge vilivyopita mikononi mwake ni vya kipandauso, yale maumivu ya upande mmoja wa kichwa yanayomlaza mtu gizani na kumtapisha. Baada ya miaka michache aliomba kuhamishiwa Chumba cha Mvuke. Ofisi ya utumishi ilimrudishia ombi lake ikidhani amechanganya majina ya idara. Hakuna aliyewahi kuomba kuja kwetu, watu waliletwa.

Sababu hakuisema, na sisi hatukumdodosa. Ilikuwa nyumbani kwake. Mumewe, shemeji yetu, ni fundi saa mwenye duka dogo karibu na kituo cha mabasi, na kipandauso kimemwandama tangu ujana. Vidonge ambavyo mkewe alivitengeneza kwa ajili ya maelfu ya watu, yeye alivitapika kabla havijafanya lolote tumboni. Chumba cha Mvuke ndicho pekee kilichokuwa kikitafuta namna ya kumfikishia mgonjwa wa aina hiyo dawa bila kulipitia tumbo. Haya tuliyajua baadaye sana, lakini nimeyaweka hapa ili msomaji ajue tangu sasa mama huyu alikuja kwetu kutafuta nini.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, ambao hupita mlangoni kwetu wakiziba pua, kazi yenyewe ni hii. Dawa ni unga. Unga huo ukigeuzwa mvuke, kisha mvuke ukapoa na kuwa ukungu wa chembe ndogo mno, mgonjwa anaweza kuuvuta kwa pumzi moja ukashuka mapafuni na kuingia kwenye damu mara moja. Tatizo ni kwamba unga haugeuki mvuke bila moto, na dawa nyingi haziupendi moto. Ukizitia joto zinavunjikavunjika, zinabadilika rangi, zinanuka kama nywele zilizoungua, na kinachobaki si dawa tena bali ni kitu ambacho hakuna daktari atakayekuruhusu ukivute. Mgeni akiuliza tunafanya nini, Bi Taratibu humjibu kwamba tunachemsha kitu kisichotaka kuchemshwa. Wengine huishia hapo na kuaga.

Alipofika, alikuja na imani yake kamili: kitu kisichopenda moto kipewe moto wa pole. Alichora alama nyekundu kwa rangi ya kucha kwenye kitufe cha kuongezea joto, akatangaza kwamba atakayeivuka ataosha vyombo vyote vya kioo vya siku hiyo. Sheria haikuchagua mtu. Mkurugenzi wa wakati ule, katika kupitapita kwake kukagua, alikishika kitufe kile kwa udadisi wa kibosi na kukizungusha kidogo. Alipogeuka alikuta sifongo mbele ya tumbo lake. Aliosha chupa mbili, moja ikamponyoka, na tangu siku hiyo akawa anakagua chumba chetu akiwa amesimama mlangoni, mikono mgongoni.

Mimi nimeosha vyombo vile mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Sikuwa mkaidi, nilikuwa fundi umeme, na fundi umeme asiyegusa vitufe ni mapambo. Kila niliposugua chupa nilimweleza mama huyu maoni yangu, naye alinisikiliza vizuri sana huku akihakikisha nasugua mpaka shingoni.

Kwa bahati mbaya, moto wa pole haukufanya kazi. Miaka ikapita. Tulipaka dawa kwenye sahani ya chuma, tukaiwasha kidogokidogo, tukasubiri, na mwishowe tukapata ukungu wa njano wenye harufu ileile ya nywele. Bi Taratibu alipoona hivyo alisema joto bado kali, tupunguze. Tukapunguza. Dawa ikachukua muda mrefu zaidi kuondoka kwenye sahani, ikatoka imeharibika zaidi, naye akasema tupunguze tena. Hakuna aliyeona, si yeye wala sisi tuliomzunguka na vyeti vyetu, kwamba kila tulipoupunguza moto tulikuwa tunamwongezea mgonjwa wetu muda wa kukaa jikoni. Jengo zima lilituita Chumba cha Moshi. Menejimenti ilianza kuuliza, kwa upole wenye meno, kama chumba kile hakingefaa kuwa stoo.

Siku iliyobadilisha mambo haikuwa na dalili yoyote. Umeme ulikatika asubuhi, jambo la kawaida, na Bi Taratibu akatumia nafasi hiyo kukwangua sahani. Aliifuta dawa ya jana ikabaki alama tu, utando mwembamba ambao usingeuona bila kuinamisha kichwa. Ghafla umeme ukarudi kwa kishindo. Kidhibiti cha joto kikalipuka kama bisi, na sahani ikawa nyekundu kabla mtu hajatamka neno. Ule utando ukanyanyuka wote kwa mpigo, ukungu mweupe kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, ukaenda kutua kwenye kioo cha juu. Mimi nilikimbilia swichi kuu. Mkemia msaidizi wa chumba chetu alikimbilia sifongo, kwa mazoea. Sote tulikunja nyuso kusubiri ile harufu, na harufu haikuja.

Tungeliweza kufuta kioo kile na kuendelea na maisha. Lakini Bi Taratibu alikuwa na kanuni nyingine, kwamba kila kinachotoka kwenye sahani kinapimwa, hata kama ni uchafu mtupu. Tulikwangua ule ukungu tukaupeleka chumba cha vipimo ghorofa ya juu. Mchana, dada wa vipimo alishuka mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maana anaogopa ngazi zetu. Alisema sampuli ni safi. Ni dawa ileile iliyopakwa, karibu yote, haijavunjika.

Bi Taratibu alimwambia akasafishe mashine yake. Dada wa vipimo, ambaye naye ana ulimi wake, alimjibu kwamba mashine ni safi kuliko chumba alimosimama. Sampuli ikapimwa tena, jibu likawa lile. Zikalaumiwa chupa, zikabadilishwa, jibu likawa lile. Ndipo mama akaketi kwenye kile kiti chake cha habari za dharura, akakaa hapo mpaka tukaanza kuzungumza kwa kunong'ona kama watu walio nje ya wodi.

Alichokuwa akikitafakari kwenye kiti kile sasa kinafundishwa kwa kila mwajiriwa mpya wa idara yetu. Moto peke yake hauiharibu dawa. Kinachoiharibu ni kukaa motoni. Ukipitisha kidole haraka kwenye mwali wa mshumaa, hakiungui; ukikichelewesha, utajua. Dawa ikipakwa nyembamba sana na kupewa joto kali kwa mkupuo mmoja, huruka na kuwa mvuke kabla haijapata nafasi ya kuvunjika, na hewa baridi ikipita juu yake papo hapo huipoza ikawa ukungu. Lakini ikipakwa nene, tabaka la chini linaungua likisubiri la juu liondoke. Haraka na wembamba, basi. Kwa mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya taratibu, hii haikuwa habari njema hata kidogo.

Ijumaa ya wiki hiyo, kwenye mkutano wa idara zote, alisimama. Tulidhani atatangaza mafanikio. Alisema kwanza kwamba moto wa pole ulikuwa wake, kwamba aliushikilia kwa sababu ulifanana na yeye, na kwamba amewapotezea wenzake miaka. Alisema asifarijiwe. Kisha akaeleza jaribio kwa ufupi, akaketi. Nimehudhuria mikutano mingi hapa, na nimewasikia wakubwa wakikiri makosa ya watangulizi wao kwa ujasiri mkubwa. Mkuu anayekiri la kwake, tena siku ambayo angeweza kupigiwa makofi, nimemwona mara hiyo moja. Nilimpenda sana siku ile, na kwa kuwa sikumwambia, namwambia hapa.

Wiki iliyofuata aliosha vyombo vyote yeye mwenyewe. Sisi tulipanga foleni kwenye kitufe, mmoja mmoja, kila mtu akakivusha alama nyekundu mpaka mwisho, kisha akampelekea chupa. Dada wa vipimo alishuka ngazi kwa mara ya pili ili na yeye asikose.

Kilichofuata ni miaka ya kazi ngumu ambayo haina masimulizi mengi, kwa sababu ilikwenda vizuri. Mimi nilitengeneza njia ya kulipasha moto bati jembamba la chuma kwa betri ndogo, kwa muda usiozidi kupepesa jicho. Yeye alitafuta namna ya kulipaka bati hilo dawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, kila upande sawa, bila doa. Mkono wake, ule uliokuwa ukituudhi kwa uzito, ukawa ndio mkono pekee uliofaa. Vijana walipaka mabati mia wakapata kumi mazuri. Yeye alipaka kumi akapata kumi. Baadaye alitengeneza kifaa cha kupaka kilichoiga mwendo wa mkono wake, nacho ndicho kinachofanya kazi leo ghorofa ya pili.

Kulikuwa pia na suala la hewa. Chembe za ukungu zikiwa kubwa hukwama kooni na kumkohoza mgonjwa. Zikiwa ndogo kupita kiasi hutoka tena na pumzi kama hazikuingia. Ukubwa wake unategemea kasi ya hewa inayopita juu ya bati, na hewa hiyo ni pumzi ya mgonjwa mwenyewe. Hivyo Bi Taratibu alihitaji kujua watu huvutaje pumzi. Kwa muda wa mwezi mzima, kila aliyeingia jengo la nyuma alikabidhiwa mrija na kuambiwa avute: madereva, wapishi, wafagizi, wageni waliokuja kuuza vifaa vya ofisi. Madereva walitunishiana vifua. Aliyewashinda wote ni mhasibu wetu, mtu mwembamba ambaye upepo ukivuma tunamshikia koti, na mpaka leo madereva wanasema mrija ule ulikuwa na kasoro.

Mwisho wa yote kikapatikana kifaa kinachoenea kiganjani kama kipande cha sabuni. Mgonjwa anakiweka mdomoni, anavuta, pumzi yake inawasha betri, na dawa ya kipandauso inaingia mapafuni ikiwa nzima. Kikaanza kujaribiwa hospitalini kwa wagonjwa waliojitolea, kama sheria inavyotaka. Taarifa za kwanza zilikuwa nzuri. Kulikuwa na mama mmoja ambaye daktari aliandika kwamba aliomba taa iwashwe kabla muuguzi hajamaliza kujaza maelezo yake.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo Bi Taratibu mwenyewe ameniagiza niliandike. Alisema nikiliruka hatausoma wasifu huu, na ninamjua, hatausoma.

Vifaa vya majaribio vilihifadhiwa kwenye kabati la chuma chumbani kwetu, na ufunguo alikuwa nao yeye. Kila kifaa kilikuwa na namba. Kingepungua kimoja, majaribio yote yangetiliwa shaka, na wagonjwa waliojitolea wangekuwa wamevumilia bure. Zaidi ya hapo, ndugu wa wafanyakazi hawakuruhusiwa kujitolea, wasije wakasema wamepona ili kumfurahisha mtu. Asubuhi moja alikuja mezani kwangu, akaweka ufunguo juu ya koleo zangu, na kusema: "Kaa nao wewe. Na nikikuomba, usinipe." Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo akaniambia kwamba shemeji yuko kitandani tangu jana, mapazia yamefungwa, ndoo ubavuni, na kwamba hali hiyo humpata karibu kila mwezi tangu waoane.

Kuanzia hapo ikawa desturi yetu. Nikikuta ufunguo juu ya koleo, nilijua nyumbani kwake kukoje. Nautia mfukoni. Shemeji akiinuka, naurudisha mahali palepale, naye anauchukua. Wenzetu chumbani hawakuwahi kujua kwamba kulikuwa na lolote linaloendelea.

Mara moja aliuomba. Shemeji alikuwa amelala siku ya tatu, hashiki hata maji, na mama alikuwa amechukua ruhusa ya kumuuguza. Mchana akatokea mlangoni akiwa na kandambili za nyumbani, hana koti, na yeye, ambaye hajawahi kukimbia ngazi, alikuwa akihema. Alisema anataka ufunguo. Nikamwambia, Mama, wewe mwenyewe ulisema. Akasema sasa anasema vingine. Nikakataa. Akaniita kwa jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho, akaomba tena kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena kwa mtu yeyote. Nikakataa tena, na naapa sikuwa na hakika hata kidogo kwamba nafanya jambo jema. Aliketi kwenye ngazi kwa muda. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akanyanyuka, akarudi nyumbani kwa mumewe mikono mitupu.

Alimweleza shemeji kila kitu, maana ndivyo alivyo. Na shemeji alikasirika. Sitapamba hapa. Kwa siku nyingi alizungumza naye kuhusu chumvi na kufunga geti tu. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye, dukani kwake, akiwa ameinamia saa ya mtu: watu asiowafahamu walipewa dawa ya mkewe wakaamka, naye aliyelala pembeni yake miaka yote aliachwa gizani na ndoo. Mkewe naye hakubishana. Alimwambia kwamba ana haki ya kukasirika, na kwamba ufunguo utaendelea kukaa kwangu.

Basi muelewe miaka hii ya mwisho ilikuwaje kwake. Majaribio yalikamilika bila dosari. Majalada yakapelekwa kwenye mamlaka ya dawa, na mamlaka ikasoma kwa mwendo wake. Tarehe ya kustaafu ilikuwa inakuja, na minong'ono ilikuwepo kwamba akiondoka yeye, mradi utawekwa kando, kwa kuwa hakuna mkuu mpya anayependa kurithi kitu kilichochelewa. Aliona wazi kwamba angeweza kwenda nyumbani na saa ya ukutani ya zawadi, akamkuta mumewe palepale alipomwacha siku alipoomba uhamisho. Hakulalamika, lakini alianza kuweka chumvi kwenye chai, na sisi tuliinywa.

Kibali kilitoka mwezi wa nne mwaka huu. Bi Taratibu alisoma barua, akaisoma tena, akampa dada wa vipimo aisome kwa sauti ili kuhakikisha. Jioni hakuna aliyefanya kazi.

Vifaa vilipofika madukani, mhasibu alijitolea kumletea boksi moja kutoka stoo, halali kabisa, kwa saini ya mkurugenzi. Alikataa. Alimpeleka shemeji kwa daktari, wakaandikiwa, akaenda duka la dawa, akapanga foleni nyuma ya mtu aliyenunua dawa ya kikohozi. Mfamasia, binti mchangamfu asiyemjua, akamfungulia boksi na kumwelekeza namna ya kukitumia. Alimwambia asiogope akihisi kijoto kidogo mdomoni, kwa kuwa ndani kuna moto lakini ni wa haraka sana, hauiunguzi dawa. Bi Taratibu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba, kama haitamsumbua, aeleze tena. Alikuja kutusimulia akicheka mpaka machozi, na machozi yaliendelea kidogo baada ya kicheko kwisha.

Wiki tatu baadaye kipandauso kikaja, alfajiri, kama kawaida yake. Alitaka kubaki nyumbani. Shemeji akamwambia aende kazini. Kama kifaa kile hakitamfaa, alisema, hatakuwa na nguvu za kuumwa na kumbembeleza mkemia kwa wakati mmoja. Akaja. Alishika kazi tatu akaziacha zote. Simu ya mezani aliigeuza ikamtazama. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni kwa mazoea tu, na kabati lenyewe lilikuwa tupu.

Simu ililia kabla ya chai ya asubuhi. Aliinua, akasikiliza, akasema: "Juu ya friji, nyuma ya redio." Akaiweka chini. Tukamuuliza kuna nini.

"Anatafuta miwani yake," alisema. "Anataka kwenda kufungua duka."

Wenzangu walirudi kwenye kazi zao, kwani kwao ilikuwa simu ya mume aliyepoteza miwani. Mimi nilitoka nje kuangalia fyuzi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Anaondoka akiwa ameacha vyumba viwili vya mvuke pale alipokuta kimoja, wakemia aliowafundisha na ambao sasa wanatufokea kwa sauti yake, dawa nyingine mbili zilizo kwenye majaribio kwa njia ileile, na kumbukumbu kwamba katika kipindi chake chote hakuna mtu aliyeungua chumbani mle hata kidole. Mkuu mpya ni yule mkemia msaidizi wa sifongo. Ameshatuonya kwamba yeye hana uvumilivu wa mtangulizi wake, na tumemwamini.

Neno moja kuhusu sherehe yenyewe. Hafla zetu hufanyika ukumbini, chini ya zile taa kali za dari, na vipaza sauti vinavyopiga mluzi nikalaumiwa mimi kila mwaka. Miaka yote hiyo Bi Taratibu alihudhuria peke yake, akaondoka mapema, nasi tulidhani hapendi muziki. Safari hii amejibu kwamba watakuja wawili. Kamati, kwa nia njema, ikampigia shemeji dukani kumuuliza kama tupunguze taa na sauti kwa ajili yake. Alijibu kwamba tuwashe zote. Alisema anataka kumwona mke wake vizuri.

Bi Taratibu, asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa kusimama ile Ijumaa. Nenda nyumbani salama. Wewe na shemeji, tunawatakia mchana mwingi.